Viduara Viwili Vitupu

Mume wangu Damian hasikii kwa sikio la kushoto, na mimi ndoa yetu yote nimeipanga upande wa kulia. Barabarani natembea kuliani kwake, kanisani nakaa kuliani kwake. Kitandani yeye hulalia lile sikio bovu ili lile zima libaki juu, anisikie nikimwita. Katika miaka sita ya ndoa hakuna kitu kilichonifanya nijione napendwa kama hicho, kwa sababu hakuwahi kukisema. Alikifanya tu kila siku.

Tulipompoteza mtoto wetu alihamia kwenye kochi la sebuleni, na huko akawa analalia sikio zima. Miezi kumi na minne nilipita hapo alfajiri nikielekea jikoni, nikamwona amezika upande wa kulia wa uso wake kwenye mto. Mwanamke haambiwi maana ya jambo kama hilo.

Habari ya mtoto naomba niiseme mara moja tu, maana nikiianza mara ya pili sitaimaliza. Mimba ilikuwa ya wiki kumi na nane chupa ilipopasuka. Moyo wake ulikuwa bado unapiga, basi hospitali wakangoja. Siku ya tatu nilikuwa na homa ya kuweweseka, na daktari, mama mmoja mwenye macho yaliyochoka, akamwita Damian nje ya chumba. Alimwambia kwamba mtoto hataishi kwa vyovyote vile, na kwamba wakiendelea kungoja ule moyo unyamaze wenyewe, atazika watu wawili. Damian akatia sahihi. Mimi sikuulizwa, sikuwa na akili za kuulizwa. Tulimpa mtoto jina Tadeo, tukamzika katika makaburi ya parokia, na watu wote tukawaambia kwamba mimba iliharibika yenyewe. Watu wote, na mama yake Damian wa kwanza.

Sasa mtazameni mama yake Damian. Dolores Wolanski alikuwa na mimba ya miezi miwili alipopata rubela, ule ugonjwa wa vipele. Daktari akamwambia mtoto atazaliwa kipofu au kiziwi au zezeta, na kwamba mwanamke mwenye busara angeitoa hiyo mimba. Dolores akamwambia daktari achukue kofia yake na aende. Damian akazaliwa na macho mawili mazima, akili timamu na sikio moja bovu. Kila mwaka wa uchaguzi mama huyu huitoa hadithi hiyo pamoja na picha ya Damian ya Komunyo ya Kwanza, nywele zake zimechanwa kwa maji, akaizungusha katika ukumbi wa parokia watu waione. "Huyu ndiye aliyetakiwa atupwe," husema, na sauti yake hukatika palepale kila mara, na si maigizo.

Haya, nenda kamwambie mwanamke huyo kwamba mwanawe alitia sahihi.

Damian hakuweza. Nilimpeleka kwa Padri Gorman, naye padri akatukalisha chini, akamwambia, "Hukuua mtu, mwanangu. Ulimwokoa aliyeweza kuokolewa." Damian akaitikia kwa heshima, akamshukuru, akaenda kutengeneza tanuri la kupashia joto nyumba ya mapadri bila kudai kitu. Ndiyo kazi yake, na kazi ndiyo iliyokuwa maombolezo yake. Hakuyaamini maneno ya padri hata kidogo.

Halafu vuli ile ukaja uchaguzi wa seneta.

Mji wetu ni mdogo, uko katikati ya vilima vyeusi vya mabaki ya makaa ya mawe, na kila nyumba kwa wakati huo ilikuwa na kibao cha mgombea kwenye uwanja wa mbele. Wagombea walikuwa wawili. Harlan Pruett alitaka kutoa mimba kuzuiwe kabisa, na alipoulizwa kuhusu mama anayekufa kitandani, alisema sheria yenye dirisha si sheria. Bi. Amsel hakutaka mpaka wowote, mwezi wowote, na alipoulizwa kuhusu watu ambao dhamiri zao zinawasumbua, alicheka. Nilikiona kicheko kile kwenye televisheni nikaizima. Nilipomsikiliza Pruett nilijiona tena kitandani na homa yangu, na safari hii hakuna aliyemwita Damian nje. Barua ya askofu ilisomwa Jumapili, na kila mtu akatoka na kilekile alichoingia nacho.

Siku ya Marehemu Wote, baada ya misa, tulikwenda kwenye kijiwe cha kaburi la Tadeo. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Damian aliwasha mshumaa ukazimika, akauwasha tena.

"Mama ananiuliza kila siku kura nitampa nani," alisema.

"Na wewe?"

"Nikimpa Pruett, nasema ulipaswa kufa. Nikimpa Amsel, ni kama namwambia mama alikosea kunizaa." Alikuwa anaongea na ule mshumaa. "Siwezi, Maura. Kweli siwezi."

Mimi nilikuwa nimesimama kuliani kwake, mahali pangu. Nikasema, "Basi tuache wazi."

"Tuache nini?"

"Mstari ule wa useneta. Tujaze mengine yote, diwani, hakimu, sijui nini. Pale tuache kiduara kitupu, kisitiwe wino. Wewe na mimi."

Akageuka akanitazama. Ilikuwa muda mrefu hajanitazama hivyo, uso mzima, kama zamani aliponisubiri nje ya maktaba nilipokuwa nafanya kazi. "Wote wawili?"

"Wote wawili. Hakuna mtu mwingine atakayejua. Mungu atajua, na huyu," nikaonyesha kijiwe.

"Utaweza wewe? Una hasira sana na Pruett."

"Ukiweza wewe mwenye mama yule, mimi nitashindwa nini?"

Alicheka kidogo. Akanishika mkono, akauweka ndani ya mfuko wa koti lake pamoja na wake, tukateremka kilima vile. Siku ile alirudi chumbani kwetu. Alilalia sikio bovu, lile zima likabaki juu, na mimi nikalia kimyakimya kwa furaha, kisha nikakumbuka kwamba ananisikia, nikajizuia. Ndoa yangu ilikuwa imerudi kwa sababu ya viduara viwili vitupu.

Siku tatu baadaye ikawa Jumanne ya kura.

Kwetu kura hupigwa chini ya kanisa, katika ukumbi wa parokia, na akina mama huuza pierogi humohumo jikoni, vile vifuko vya unga tunavyojaza viazi na jibini, tukavichemsha na kuvimwagia vitunguu vya siagi. Anayekuja kupiga kura haondoki bila sahani. Msimamizi wa kituo ni Bi. Jadwiga Sokol, na amekuwa yeye kwa miaka thelathini. Vituo vikifungwa saa mbili usiku, mashine ya kuhesabia kura inatoa utepe mrefu wa karatasi kama risiti ya dukani, wenye hesabu zote za kituo chetu, na yeye huubandika mlangoni na kuusoma kwa sauti. Watu husubiri kuusikia kama wanavyosubiri matokeo ya mpira.

Saa tano hivi nilikuwa mezani nafinya kingo za unga na wenzangu, mimi Mwayalandi peke yangu kati yao, nywele zikiwa ndani ya wavu.

"Maura, hivyo ni vifuko au ni soksi?" mama mkwe aliniuliza.

"Mwache, ni vidole vya Kiayalandi hivyo," mwenzake mmoja akasema. "Vinajua kumenya viazi tu, kufunga havijui."

Tukacheka. Niseme kweli, nilikuwa na raha. Siku tatu za kulala na mume wangu zilikuwa zimenirudishia damu usoni, na nadhani hata Dolores alikuwa ameliona hilo, kwa kuwa alinisogelea akanifutia unga shavuni.

"Na Damian wangu kashapiga," alisema. "Kapita saa moja na robo, kabla ya kazi. Nimemwona kwa macho yangu. Sasa moyo wangu umetulia."

"Umetulia kwa nini, Mama?"

"Si aliniahidi? Jumapili, mbele ya picha ya baba yake. Kura yake ni ya Pruett."

Vidole vyangu vilisimama. "Alikuahidi?"

"Sasa ulidhani angempa nani? Yule mama anayecheka?" Akachukua kifuko changu kibaya akakifunga upya kwa mifinyo mitatu. Halafu akashusha sauti, na akaishusha kwa upole, Mungu ni shahidi. "Najua una uchungu wako, mwanangu. Mimi kila siku namwombea Tadeo. Lakini wako Mungu alimchukua mwenyewe. Si sawa na kumtoa. Wewe huna doa."

Akanipigapiga mkononi, akarudi kwenye sufuria zake. Mkono wangu ulibaki na alama ya unga ya vidole vyake vitano. Nilijisikia nimevuliwa nguo mbele za watu, na aliyenivua hakujua.

Kitu nilichopaswa kufanya kilikuwa rahisi. Nilipaswa kukumbuka ni nani aliyetia sahihi nje ya chumba kile, na kwamba mtu aliyetia sahihi ile hawezi kumpa Pruett kura yake hata mama yake amlilie vipi. Lakini nilikuwa nimekaa miezi kumi na minne nikitazama mgongo wa mtu kwenye kochi. Siku tatu za raha haziponyi kitu kama hicho. Niliamini mara moja. Ni kama nilikuwa nangoja kuaminishwa.

Saa sita Damian akaja kula. Sikumwacha aingie. Nilimkuta nje, karibu na gari lake la kazi, nikasimama upande wa kushoto bila kujua, au labda nilijua. Naye akageuza kichwa chake chote kunipa lile sikio zima, kama alivyozoea.

"Kuna nini? Mbona umetoka bila koti?"

"Umepiga kura?"

"Asubuhi."

"Mama yako anasema ulimwahidi."

Uso wake ukabadilika kidogo. "Mama aliniuliza, nikanyamaza. Unamjua. Kwake, kunyamaza ni kuahidi."

"Kwa hiyo ulinyamaza."

"Ningemwambia nini, Maura? Ningemwambia lipi?"

"Ungemwambia hapana! Mtu huambiwa hapana! Yeye mwenyewe si ndiye bingwa wa kusema hapana?"

"Punguza sauti."

"Niambie tu hukumpa. Niangalie machoni uniambie, 'Maura, niliacha wazi.' Maneno matatu. Nitaingia ndani nikamalize unga wangu."

Aliegemea mlango wa gari lake. Mvua ilikuwa inamtonea kwenye kope, na yeye hakuifuta. Najua sasa uchungu wa kutoaminiwa uliokuwa unampitia, kwa kuwa baadaye niliupata mimi. Wakati ule niliona mtu anayetafuta uongo.

"Tulikubaliana," alisema mwishowe. "Pale kwa mtoto. Kama pale hapatoshi, nikikuambia hapa kwenye maegesho patatosha?"

"Unakwepa."

"Sikwepi. Nachoka."

"Unachoka! Wewe unachoka! Mimi ndiye niliyelala pale, Damian, mimi ndiye yule ambaye Pruett anataka—"

"Usiseme." Alinyoosha mkono kana kwamba anazuia mlango. "Usilimalize hilo, tafadhali."

"Kama ulimpa, usirudi nyumbani leo. Umesikia? Kalale kwa mama yako, akupikie, akuonyeshe picha yako. Kwangu usirudi."

Alitafuta ufunguo mfukoni. "Nimesikia," alisema. Akapanda gari lake akaondoka bila kula.

Nilivua wavu wa nywele, nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya Bi. Jadwiga. Akafungua daftari la wapiga kura, akaligeuza upande wangu. Majina yamepangwa kwa herufi: Wolanski Damian, Wolanski Dolores, Wolanski Maura. Sahihi ya Damian ilikuwa palepale juu ya mahali pangu, ile D yake kubwa iliyolala. Ni sahihi ileile niliyoiona kwenye fomu ya hospitali nilipopata fahamu. Mtu mwingine ingemkumbusha kwamba anapendwa. Mimi nilikuwa nimeziba macho.

"Una baridi, mwanangu?" Bi. Jadwiga aliuliza. "Vidole vyako vimekuwa vyeupe."

"Ni unga tu, Bi. Jadwiga."

Nilisimama nyuma ya kile kizuizi cha kadibodi. Nilianza na hakimu. Nikaja kwa diwani. Nikauruka mstari wa useneta, nikamaliza mengine yote. Kiduara kilikuwa kitupu, na ilibaki kuondoka tu. Nikamfikiria Bi. Amsel na kicheko chake, na sikumpenda. Nikamfikiria daktari yule mwenye macho yaliyochoka, nikataka awepo mahali fulani, na aruhusiwe, kwa ajili ya msichana mwingine mwenye homa. Hilo lilikuwa la kweli, na ningeweza kulisimamia mbele ya padri na mbele ya Mungu. Ila silo lililousukuma mkono wangu. Lililousukuma lilikuwa hasira kwa mume wangu. Nilikijaza kiduara cha Amsel, nikakizungushia wino mpaka karatasi ikaanza kuchanika, nikaipeleka kwenye mashine. Mashine ikaimeza.

Mchana uliobaki nilifinya unga. Hakuna aliyenicheka tena, vifuko vyangu vilikuwa vimefungwa barabara.

Saa mbili kituo kilifungwa. Tulikuwa tunaosha masufuria Damian alipoingia kutuchukua, kwa sababu mama yake hana gari, na mtu yule hata akichukiwa hukumbuka nani hana gari. Hakuja jikoni. Alisimama karibu na mlango wa ukumbi na kofia mkononi. Bi. Jadwiga akautoa utepe wake, akaubandika kwa gundi ya karatasi, akavaa miwani.

"Haya, wenye masikio. Kura zilizopigwa, mia nne na kumi na mbili. Useneta. Pruett, mia mbili na sabini na nne."

Dolores akafanya ishara ya msalaba.

"Amsel, mia moja na thelathini na saba. Mstari ulioachwa wazi." Akainama, akasogeza miwani. "Mmoja. Ah, mwaka huu watu wana msimamo! Mwaka ule mwingine walikuwa kumi na tisa."

Mmoja.

Nilikuwa na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Nakumbuka nilianza kukikunja, pembe juu ya pembe, kwa uangalifu mkubwa. Mmoja. Kama Damian angempa Pruett, na mimi nilimpa Amsel, basi yule mmoja ni mtu mwingine, mzee fulani aliyesahau miwani nyumbani. Nilimwomba Mungu iwe hivyo. Niliomba mume wangu awe amenisaliti. Kisha nikainua macho.

Damian alikuwa ameukaribia mlango. Alikuwa anausoma ule utepe mwenyewe, kwa kidole, kutoka juu hadi chini. Alipofika mwisho akarudi juu akaanza tena.

"Mmoja tu kati ya watu wote hawa," Dolores alisema huku akijifunga kitambaa cha kichwani. "Nani huyo mwoga?"

Damian hakugeuka haraka. Kwanza alinitafuta mimi, kule jikoni, juu ya vichwa vya watu. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa ananingoja. Nadhani hadi dakika ile alikuwa bado ananipa nafasi niseme kitu, kwamba mashine imekosea, kwamba sikupiga kabisa, lolote. Nilitazama kitambaa changu.

"Ni mimi, Mama," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Huyo mwoga. Ni mimi niliyeacha wazi."

Bi. Jadwiga alivua miwani akajifanya anaifuta. Dolores alimwendea mwanawe, mwanamke mfupi mwenye koti la kijani, akainua mkono akamgusa lile sikio la kushoto, kama nilivyomwona akifanya mara nyingi bila kufikiri.

"Mimi sikuacha wazi, Damian," alisema. "Nilipoulizwa juu yako, sikuacha wazi."

"Najua, Mama. Ndiyo maana nipo."

"Basi kwa nini?"

Midomo yake ilifunguka. Nilidhani atasema. Ingekuwa haki yake aseme, anitaje mimi, aitaje ile fomu, aweke mzigo chini hapohapo mbele ya watu. Alitikisa kichwa tu. Mama yake akautoa mkono wake sikioni, taratibu, na hakuna kitu nilichokiona siku ile kilichoniuma kama mkono ule ukishuka.

"Angalau mkeo kachagua," alisema. "Mwayalandi kakushinda." Bila kujua amenipigilia msumari, akaenda kukaa garini, kiti cha nyuma.

Tulibaki wawili kwenye ngazi za nje. Nilikuwa upande wa kushoto tena. Aibu ilinipeleka huko.

"Nilimpa Amsel," nilisema.

Hakusikia, au alisikia nusu. Akaelekeza kwa kidole upande wake wa kulia. "Njoo useme huku."

Nikamzunguka. Hatua nne tu, lakini nilizikanyaga kwa shida. "Nilimpa Amsel. Baada ya tulivyogombana. Nilidhani wewe umempa Pruett."

"Nilikuambia tulikubaliana."

"Sikukuamini."

"Ndiyo." Alivaa kofia yake, akaivua tena. "Ungeniambia tangu mwanzo unampa Amsel, ningekuelewa, Maura. Wewe ndiye uliyelala pale. Nisingekulaumu hata siku moja."

"Basi unanilaumu nini? Sema. Nitukane, afadhali unitukane."

"Sikutukani." Alikuwa anatazama ule mlango, ule utepe ukipeperuka kidogo kwa upepo. "Nilipotia sahihi kule hospitali nilikuwa peke yangu. Ulikuwa hujui hata jina lako. Leo asubuhi nimesimama pale ndani na kalamu, nimeacha kile kiduara, na nimesikia... sijui niseme nini. Nilihisi uko pale. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikajiona tuko wawili." Akaigeuza kofia mkononi. "Sasa hivi pale mlangoni nimesoma mara mbili. Nilikuwa naitafuta namba mbili."

Nilimshika mkono. Hakuutoa. Uliendelea kuwa mkononi mwangu kama glovu ya mtu mwingine, hadi mama yake alipogonga kioo cha gari kutukumbusha kuna baridi.

Tulimshusha Dolores kwake. Nilikuwa nimemwambia asirudi nyumbani kama amevunja ahadi, na kwa kuwa hakuvunja, alirudi. Alining'iniza koti lake, akazima taa ya jikoni, na alipolipita kochi bila kusimama nilimshukuru Mungu kwa nguvu zangu zote. Aliingia chumbani kwetu. Akakaa upande wake wa kitanda, akavua viatu, akavipanga.

Kisha akalala chali, akafikiri kidogo, akageuka kulia na kulizika sikio zima kwenye mto.

Nilimwambia samahani. Nilimwambia kwamba nampenda, kwamba nitamwambia mama yake kila kitu kesho mimi mwenyewe, kwamba namjua ni nani, nimemjua siku zote, nilisahau kwa mchana mmoja tu. Nilitaja jina la Tadeo. Mabega yake yalipanda na kushuka polepole. Niliongea muda mrefu, karibu kabisa na sikio lake la kushoto.